Fomu Iliyofungwa Hewani

Watu wakisikia nafanya kazi ya redio kiwanja cha ndege, wananiwazia kwenye mnara wa vioo, miwani myeusi usoni, nayaamuru madege makubwa yasubiri zamu. Poleni. Ofisi yangu ni chumba kimoja chenye redio mbili, birika, ubao wa chaki na madirisha mawili, moja likitazama pipa la taka ambalo dubu wanalipenda kuliko rubani yeyote anavyoipenda sauti yangu. Kiwanja chetu cha Portage-la-Loutre, huku kaskazini mwa Manitoba, kina njia moja ya changarawe na gati la ndege za maboya, zile zinazotua majini. Simwamuru mtu. Nawapa marubani habari za upepo, nawaambia nani mwingine yuko angani, naandika kwenye fomu wanakokwenda na saa watakayofika. Wakifika wananiambia, nafunga fomu. Saa yao ikipita kwa saa nzima na kimya, naanza kupiga simu kila mahali, na simu zisipoleta jibu, ndege ya kutafuta inaruka. Kazi yangu yote iko kwenye hiyo saa moja. Nyingine ni chai.

Lakini tuna desturi yetu, na haimo kwenye kitabu. Maziwa wanakokwenda marubani wetu yamejificha nyuma ya vilima. Ndege ikishuka chini ya kilima, redio inakata. Ikishakaa majini, rubani hana namna ya kuniita, na huko hakuna simu wala jirani. Ukisubiri atue ndipo umfungie, utasubiri mpaka kesho. Mzee Gunnar aliwahi kusahau kuomba afungiwe, na ndege ya kutafuta ikaenda kumkuta ameketi juu ya jiwe anaanika soksi. Mpaka leo akiingia dukani kuna mtu atamwuliza kama zimekauka. Tangu siku hiyo, kila rubani akiliona ziwa lake, akiwa bado juu, anasema "nifungie," nasi tunafunga. Mtu yuko hewani, ila kwenye karatasi ameshatua.

Wendell Spence alikuwa mume wa dada yangu Noella. Kwa hiyo alikuwa shemeji yangu, na kwa shemeji hakuna huruma. Nilimtania nywele, ambazo zilisimama kama brashi ya kusugulia sufuria, nikamtania upishi wake na timu yake ya hoki ambayo ilikuwa haijafunga bao tangu barafu iumbwe. Naye alinitania kwamba napata mshahara kwa kuongea, kitu ambacho mama alishindwa miaka ishirini kunizuia nisikifanye bure. Mengi ya hayo tuliyasema redioni. Bosi wangu, Bi Irma Kolisnyk, alinionya mara kwa mara.

"Leland, mkanda unarekodi. Siku moja mtu atakaa kuusikiliza."

"Atacheka, mama."

"Ataona aibu kwa niaba yako."

Siku yenyewe ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na saba, mchana mweupe usio na upepo hata wa kutikisa jani. Wendell alikuwa anakwenda peke yake Ziwa Wapus kuifunga kambi ya wavuvi kabla ya baridi: amwage maji kwenye mabomba, agongelee mbao madirishani, alale hapo usiku mmoja, kesho yake mchana arudi. Kampuni yake ilikuwa na simu moja ya setilaiti, na siku hiyo rubani mwingine alikuwa ameichukua. Kwenye fomu Wendell aliandikisha atafika saa tisa kasoro dakika kumi.

"Portage Redio, hapa Kilo-Wiski-Tango."

"Wiski-Tango, endelea, shemeji. Ila kama unataka kuazima tena msumeno wangu, redio imeharibika."

"Msumeno wako hata siagi unaiogopa. Niko maili nne kusini mwa Wapus, nashuka, napita futi elfu moja na mia tano. Ziwa naliona. Nifungie."

"Hali ya maji?" Hilo namwuliza kila mtu, nalijaza kwenye daftari.

"Hakuna upepo kabisa. Maji kioo."

"Kioo? Basi chana nywele kwanza, usije ukawatisha samaki."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kukwama, kama injini inayokataa kuwaka asubuhi. "Dada yako alinichagua na nywele hizi hizi. Tuonane kesho, Wiski-Tango."

"Roja. Fomu imefungwa, saa nane na dakika arobaini na mbili."

Nikainuka, nikapiga mstari wa chaki juu ya jina lake ubaoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huku kwetu hata mtoto wa shule analijua. Rubani wa ndege ya maboya haogopi mawimbi kama anavyoogopa maji yaliyotulia. Mawimbi unayaona. Maji ya kioo hayaonekani; unachoona ni mbingu iliyopinduliwa, na hujui uko mita kumi juu yake au umeshafika. Njia yake ni kushuka pole pole, injini ikivuta, ukiwa karibu na ukingo ili miti ikupe kipimo. Wendell alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa ametua kwenye kioo mara mia. Nilijua kwamba anajua, kwa hiyo nikafanya mzaha.

Dakika kumi baadaye simu ililia. Noella, akipiga kutoka shuleni, ambako ni katibu.

"Lee, mzigo wangu umefika?"

"Umefika, dada. Nimeshaufunga."

"Ametua salama?"

"Ametua. Saa hizi anatafuta nani amkaangie mayai."

"Akaange mwenyewe. Mwambie alisahau soksi nzito, ziko hapa juu ya kiti."

"Simwambii kitu, redio haifiki chini. Avae glavu miguuni."

Alicheka, akakata. Ametua, nilisema. Sikuona kama nimesema uongo. Ubaoni jina lilikuwa na mstari, na miaka minne nilikuwa nimezoea kwamba mstari ndio kutua.

Saa tisa kasoro dakika kumi ilifika ikapita. Saa kumi kasoro kumi pia ilifika. Ndiyo ile saa moja. Fomu yake ingekuwa wazi, ningeinua simu. Ingekuwa wazi, saa kumi na moja Gunnar angekuwa juu ya Wapus, na jua lilikuwa bado na zaidi ya saa mbili kuzama. Mimi nilikuwa nimekaa nachora katuni ya Bi Irma akipigana na dubu kwenye pipa la taka. Ilitoka vizuri. Nilimpa akaibandika ukutani.

Kesho yake Wendell alitakiwa aniite mara tu akiruka, kwenye saa nane mchana. Saa nane ikapita.

"Amelala," nilimwambia Bi Irma.

"Mpe mpaka nusu."

Saa nane u nusu. Saa tisa. Noella akapiga, nikamwambia yule mumewe si mtu wa saa, labda bomba limemshinda. Gunnar alikuwa angani anarudi kutoka kaskazini, nikamwita.

"Mzee Gunnar, ukipita Wapus nichungulie yule mtu. Kama amelala mtupie jiwe."

"Nitamtupia soksi," alisema Gunnar. Kisha kimya cha dakika kumi na mbili, nimezihesabu kwenye mkanda. Aliporudi hewani hakuanza na jina la ndege yake, yeye ambaye amelitaja kila mara kwa miaka thelathini.

"Lee. Irma yupo hapo?"

"Yupo."

"Ndege imepinduka. Maboya yako juu. Iko mita mia mbili kutoka ukingoni."

Bi Irma alishika meza. Mimi nikauliza, "Na yeye?"

"Kuna kitu cha rangi ya machungwa kando ya maji. Ni jaketi la kuokolea. Limetandazwa juu ya jiwe." Mvumo wa injini yake ulipungua. "Kuna mtu pembeni yake."

"Anapunga mkono?"

"Nashuka, Lee."

Akashuka chini ya kilima na redio ikakata. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikaa nikisikiliza kile kimya kwa ukubwa wake wote. Siku zote kilikuwa kimya cha mtu anayekaanga samaki. Safari hii nilikisikiliza kwa dakika thelathini na moja. Bi Irma alikuwa ameshaita hospitali na polisi, akasimama nyuma yangu mkono begani.

"Portage," Gunnar aliita aliporuka tena. "Hakuna haja ya kuharakisha."

Yaliyotokea tuliyajua kidogo kidogo. Aligonga maji akidhani bado yuko juu. Boya moja lilivunjika, ndege ikajikunja ikapinduka. Kile kisanduku cha dharura kinacholia kuita setilaiti kilizama na mkia, na chini ya maji hakisikiki popote. Wendell alitoka, mguu wa kulia umevunjika pajani, akaogelea mita mia mbili kwenye maji ambayo wiki chache baadaye yalikuwa barafu. Viberiti vilikuwa vimelowa. Kambi ilikuwa ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo alijifunika matawi ya misonobari. Jaketi lake, badala ya kulivaa limpe joto, alilivua akalitandaza juu ya jiwe, upande wa rangi ukitazama juu. Daktari alisema aliishi mpaka karibu na alfajiri.

Nilimfuata Gunnar gatini jioni moja baada ya mazishi, akiwa anafunga kamba.

"Mzee, lile jaketi. Alikuwa anategemea nani alione?"

"Ndege."

"Ndege gani? Alijua fomu imefungwa. Aliniomba mwenyewe."

Gunnar alifunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. "Mtu akivunjika mguu anasahau mambo ya fomu, mwanangu."

"Wendell hasahau."

"Anasahau," alisema kwa ukali. "Nimesema anasahau. Nenda nyumbani."

Wachunguzi wawili walikuja kutoka kusini, watu wapole wenye viatu visivyofaa matope yetu. Walichukua nakala ya mkanda na picha ya ubao. Waliuliza marubani, na marubani wote, mmoja mmoja, walisema wanaomba kufungiwa wakiwa hewani, siku zote, nani asiyejua. Bi Irma akasema anajua na hakuwahi kuzuia. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Dukani watu walinipigapiga mgongoni. Nilitamani mmoja anitukane.

Noella hakujua. Alijua ajali, alijua maji ya kioo, baridi, mguu. Alichojua kuhusu mimi ni kwamba nilimwambia ametua, kwa hiyo aliamini kwamba Wendell alitua salama, ndipo ikawa bahati mbaya fulani baadaye, labda alipojaribu kuruka tena. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa kuketi mezani anatazama mkono wake.

Kisha, mwishoni mwa Oktoba, alimpigia simu Bi Irma. Alikuwa amesikia kuna mkanda. Alitaka kuisikia sauti ya mumewe. Hakuwa na nyingine. Hawakuwa watu wa kamera wala kaseti.

"Ni haki yake," Bi Irma aliniambia. "Wachunguzi wamekubali. Nimemwambia Alhamisi." Alinitazama juu ya miwani. "Leo Jumatatu, Leland. Una siku tatu. Asilisikie kwenye mkanda kabla hajalisikia kwako."

"Ndiyo, mama."

"Sikutanii."

"Najua."

Nilikwenda Jumanne. Mama alinipa mkate wa bannock ukiwa bado moto, nikaubeba chini ya koti. Noella alikuwa sebuleni anakunja mashati ya Wendell na kuyatia kwenye sanduku. Alikuwa amekonda. Akanitengea kiti kwa mguu.

"Kaa. Usikae juu ya shati hilo, lina sindano."

"Dada, nimekuja kukuambia kitu."

"Sema."

Alikuwa ameshika lile shati la miraba ya kijani ambalo Wendell alilivaa harusi ya binamu yetu, kola imeungua kwa pasi. Aliniangalia akisubiri. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, matano tu: nilimfungia fomu akiwa bado hewani.

"Hilo shati," nilisema, "lilikuwa linanuka moshi kuliko samaki aliokuwa anawakausha. Nilimwambia alizike. Padri mwenyewe siku ile alipiga chafya wakati wa kuapa."

Noella alicheka. Alicheka mpaka akauziba uso kwa shati lile lile, mabega yakitikisika, na mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajamsikia akicheka tangu Septemba. Nilikaa pale na kicheko chake nikajiambia, basi, si leo. Mwache acheke leo.

Jumatano nilikuwa na zamu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Zamu iliisha saa tisa.

Alhamisi alikuja amevaa koti lake zuri, lipstiki kidogo, kama mtu anayekwenda kukutana na mtu. Bi Irma alimkaribisha chumba cha nyuma, kwenye mashine ya mkanda, akamwekea kikombe cha chai. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Nilimwona Bi Irma akifumba macho kidogo.

"Noella," alisema, "labda kwanza Leland…"

"Nataka kumsikia, Irma. Nimengoja wiki nzima. Lee, kaa hapa nami."

Aliushika mkono wangu. Bi Irma akabonyeza kitufe.

Portage Redio, hapa Kilo-Wiski-Tango. Noella alivuta pumzi na kubana vidole vyangu. Msumeno wako hata siagi unaiogopa. Alitabasamu, machozi yakishuka bila yeye kuyashughulikia. Niko maili nne kusini mwa Wapus, nashuka. Ziwa naliona. Nifungie.

Vidole vyake vilisimama.

Maji kioo.

Basi chana nywele kwanza.

Sikuwahi kuisikia sauti yangu vile. Ilikuwa sauti ya mtu anayefurahia kujisikia. Kisha kicheko cha Wendell, na dada yako alinichagua na nywele hizi hizi, na mimi tena, saa nane na dakika arobaini na mbili, na mkanda ukaendelea kuzunguka ukitoa ule mchakacho wa hewa tupu.

"Alikuwa bado juu," Noella alisema.

Alimgeukia Bi Irma.

"Irma, alikuwa bado juu. Nifungie maana yake nini?"

Bi Irma akamweleza, pole pole, kila kitu, ile saa moja, desturi yetu, Gunnar na soksi zake. Noella alisikiliza akitazama mashine. Mkono wangu alikuwa bado ameushika, kisha nikaona haushiki tena, umebaki tu juu ya meza.

"Kwa hiyo kama ingekuwa wazi."

"Ndiyo," nilisema mimi.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Labda na nusu."

"Jioni ile ile."

"Jioni ile ile, dada."

"Na Jumanne ulikuja kuniambia hili."

"Ndiyo."

Alikisogeza kikombe cha chai mbali naye.

"Toka nje, Lee," alisema. Hakupaza sauti. "Irma, niwekee tena. Mwanzoni. Ukifika kwenye kioo, zima."

Nilisimama koridoni, mgongo ukutani. Mlango wetu ni wa mbao nyembamba. Nikamsikia Wendell akianza, msumeno na siagi, maili nne, ziwa naliona, hakuna upepo kabisa, maji kioo. Halafu kitufe, tak, kabla mimi sijafungua mdomo. Halafu tena. Nilihesabu mara saba. Kila mara alikuja mpaka pale pale, akiwa angani, injini ikinguruma vizuri nyuma yake.

Alipotoka alikuwa amevaa glavu. Alipita karibu yangu, akasimama kwenye mlango wa nje, akaongea akiwa amenipa mgongo.

"Usiku ule nililala, Lee. Kwa sababu uliniambia ametua. Nilizima taa saa tatu, nikalala fofofo mpaka asubuhi, yeye yuko pale chini ya matawi. Hata sikuamka mara moja."

Akashuka ngazi. Nilimwona akitembea ukingoni mwa njia ya changarawe mpaka kwenye gari, hakukimbia, akangoja barafu iyeyuke kwenye kioo cha mbele, akaondoka.

Sasa ni Juni. Namwona kanisani, namwona dukani. Ananisalimu kwa kichwa mbele za watu ili mama asiulizwe maswali. Jumapili jioni nampigia simu. Anaiinua, hasemi kitu, nami nasema, dada, ni mimi. Namsikia akipumua, na nyuma yake televisheni, au maji kwenye sinki. Wiki iliyopita nilifika mpaka kusema pole, napiga kuiomba ile Jumanne, kama ungenirudishia ile Jumanne nikuambie mwenyewe. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaiweka chini, taratibu, kama mtu aliye na mgonjwa aliyelala nyumbani.